Mtu wa Kipini Aliyelala Kwa Padre

Padre wa sasa ameniomba niwaandikie ninyi vijana mliopokea funguo za kikanisa cha Kwa Padre, niwaeleze kazi ilikuwaje tangu mwanzo. Habari za vyeo hazitachukua nafasi. Niliingia fundi mwashi na nimestaafu fundi mwashi. Funguo niliongezewa kwa sababu nyumba yangu ndiyo iliyokuwa karibu. Nitakaa zaidi kwenye miaka ya hamsini, kwa kuwa maswali mengi mnayoulizwa na mahujaji majibu yake yako huko, na baadhi ya majibu mnayowapa si ya kweli. Nimewasikia mara mbili tatu nikiwa nimeketi benchi la nyuma, nikanyamaza kwa heshima ya misa.

Nianze na hadithi kama nilivyolelewa nayo. Miaka mingi kabla ya vita vya kwanza vya wazungu, padre mmoja alipanda Mto Tana kwa mtumbwi kutoka Kipini, akitafuta mahali pa kujenga misheni. Hakufika mbali. Homa ilimkamata chini kidogo ya Garsen, akafa, akazikwa ukingoni. Mapadre waliokuja baadaye walilikuta kaburi lake, na pembeni dalili za kaburi la pili. Wakaambiwa kwamba padre alikuwa na mtumishi aliyekataa kumwacha. Kutoka hapo hadithi ikaota matawi. Tulifundishwa kwamba mtumishi yule aliomba ubatizo akiwa mahututi, padre akambatiza kwa maji ya mto, akamwita Yosefu, na wote wawili wakafa siku moja. Kila Oktoba, mwezi wa rozari, Wakatoliki wachache wa huku walikuwa wakiandamana mpaka pale, wakasali na kumtaja padre pamoja na Yosefu wake.

Mimi ni Mpokomo wa kijiji cha jirani. Ukoo wetu una wajomba Waislamu huko juu Nanighi, una baba wadogo Waprotestanti, na babangu alikuwa Mkatoliki peke yake. Sikukuu kwetu zilikuwa nyingi kuliko kuku. Baba aliipenda hadithi ya yule mtumishi kuliko hadithi za watakatifu wa mbali. Alikuwa akisema, huyu ni mtu wa mto huu huu, alikunywa maji tunayokunywa sisi. Nilipozaliwa akanipa jina lake. Kwa hiyo mjue kwamba anayewaandikia anaitwa Yosefu, na sababu ni hiyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili Padre Kornelio alipoamua kujenga kikanisa. Alikuwa mzungu mrefu, mpole, mwenye masikio yaliyobanduka ngozi kwa jua mwaka mzima. Mto ulikuwa ukila ukingo kila masika, na kaburi lilikuwa linasogelewa. Shauri lake lilikuwa kujenga juu kwenye mwinuko, kiasi cha hatua mia tatu kutoka majini, kisha kuihamishia huko mifupa ya wote wawili kabla mto haujaichukua. Kwa kuwa hapakuwa na mtu Garsen aliyejua kazi ya chokaa, alituma ujumbe Kipini. Akaja Fundi Athmani.

Siku ya kwanza nilifika na mwiko mpya, nimeufunga kwa kitambaa. Fundi Athmani alikuwa mzee mfupi mwenye kofia iliyooshwa mpaka ikasahau rangi yake. Aliupokea ule mwiko, akaugeuza mara mbili, akanirudishia.

"Ni mzuri," akasema. "Uweke. Utauhitaji mwezi ujao."

Mwezi mzima nilikoroga chokaa shimoni. Ilipandishwa kwa mashua kutoka Kipini, ikamwagiwa maji, ikachemka yenyewe kama uji, na kazi yangu ilikuwa kuikoroga kwa mti mrefu na kuhakikisha haikauki juu. Niliona naonewa. Miaka mitano baadaye nilipoona ukuta wa duka moja ukitoka vipele na kubanduka, kwa kuwa fundi wake alikuwa na haraka, nilielewa. Ninyi mnatumia saruji na hamna subira hiyo. Sawa. Lakini mkitaka kutia kiraka kwenye ukuta wa zamani wa kikanisa, msitie saruji. Haitashikana na chokaa, na mtakuja kunilaumu kaburini.

Fundi Athmani alisali sala zake tano nyuma ya rundo la matofali, kwenye mkeka mdogo aliouviringisha pamoja na pima maji yake. Siku moja nilijikaza nikamuuliza.

"Fundi, huoni vibaya kujenga nyumba ya dini isiyo yako?"

"Naona vibaya kujenga ukuta uliopinda," akasema. "Lete timazi."

Timazi, kile kipande cha risasi kinachoning'inia kwenye uzi, alilipenda kuliko vyombo vyake vyote. Mimi nilizoea kupima kwa macho. Alinikataza. "Jicho lina huruma," alisema. "Linakuonyesha unachotaka. Timazi halikujui." Alinibomolesha mistari sita ya matofali kwa sababu ya upana wa kidole kimoja.

Kwa kuwa nilikuwa nimesoma miaka minne, Padre alinikabidhi kazi ya jiwe la ukumbusho. Nilichonga herufi za mbao kinyume, nikazipanga chini ya kisanduku, nikamwaga saruji juu. Mara ya kwanza S zote zilitoka zikitazama nyuma, nikavunja, nikaanza upya. Mara ya pili lilitoka safi: HAPA WAMELALA PADRE NA MTUMISHI WAKE YOSEFU, ALIYEBATIZWA SAA YA KUFA. Baba alitembea kutoka kijijini kuja kuliona. Hakujua kusoma. Aliniuliza jina liko wapi, nikamwonyesha, akapitisha kidole ndani ya kila herufi polepole, kuanzia Y mpaka U. Sijawahi kufanya kazi iliyonipa fahari kama ile.

Kuta zilipofika kwenye paa, askofu alileta habari kwamba atakuja kubariki. Zikawa zimebaki siku tisa. Wiki hiyohiyo maji yalipanda kutoka huko juu bila mvua kunyesha kwetu, na asubuhi moja tukakuta ukingo umemeguka, zimebaki hatua tano kutoka majini hadi kaburini. Padre akasema tufukue siku ileile.

Tulikuwa watatu: Padre Kornelio, Fundi Athmani na mimi. Kaburi la padre halikuwa na matata. Alilala chali, mikono imekusanywa kifuani, na katikati ya mifupa ya vidole mlikuwa na waya wa rozari ulioota kutu ya kijani, na msalaba mdogo. Padre Kornelio alipiga magoti tope lile likamfika mapajani. Tuliifunga mifupa kwenye shuka jeupe, akaibeba mwenyewe.

Nikahamia kaburi la pili. Nilichimba mpaka kiunoni, mpaka kifuani, nikafika kwenye udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa. Hamna kitu.

"Fundi," nikaita, "humu hamna mtu."

Akashuka shimoni. Hakutazama chini nilikokuwa natazama mimi. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa shimo, upande mmoja, akagonga kidogo kwa kifundo cha kidole kama mtu abishaye hodi, na udongo ukaanguka. Nyuma yake palikuwa na vipande vya mti wa mkoma vilivyosimamishwa mfano wa ua, vimeoza.

"Hukukosea," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu yuko mwanandani."

Mimi sikulijua neno hilo. Akanieleza kwamba Waislamu wakichimba kaburi hutoboa ubavuni mwake nafasi nyembamba ya kumlaza maiti, wakaiziba, ndipo wakafukia. Akaviondoa vile vipande kimoja kimoja. Mtu alikuwa amelazwa ubavu wa kulia, uso kuelekea kaskazini, kibla. Fundi Athmani akainua mikono akasoma Fatiha. Alipomaliza akageukia juu.

"Padre, huyu ni wetu."

Padre Kornelio alikuwa amesimama ukingoni na lile shuka mikononi. "Fundi, huenda alizikwa na Waislamu wasiojua kwamba amebatizwa."

"Waislamu gani, Padre? Zama hizo hapa palikuwa na nani, ila yeye mwenyewe?"

Hilo tungeweza kubishana mpaka jioni. Lakini kwenye njia ya mtoni alikuwa akipita Bibi Hawo, mama wa Kiorma aliyeuza maziwa kwenye kivuko cha Garsen. Kila mtu alimjua, na kila siku alipita pale na vibuyu vyake. Aliona makaburi yamefunuliwa, akatua mzigo, akaja. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, nami nakiandika kama alivyokisema.

"Hii baba yangu nachimba," akasema, akionyesha lile shimo la ubavuni. "Mimi naona na macho yangu. Mimi mtoto, naleta maji."

Padre alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Bibi, umekaa hapa miaka yote hii. Kwa nini hukusema?"

"Nani nauliza mimi? Kila mwaka nyinyi nakuja, naimba, nakwenda. Mimi nauza maziwa."

Andikeni hilo mahali, ninyi mnaochukua kazi yangu. Mimi mwenyewe nilinunua maziwa yake tangu utotoni.

Akatusimulia. Kambi ya mifugo ya baba yake ilikuwa karibu na mto mwaka ule. Siku hizo Waorma wa kambi yao hawakuwa wameingia Uislamu. Walimwomba Waka, Mungu wa wazee wao, na hawakujua msikiti wala kanisa. Walimkuta mzungu amekwisha kufa, na mtu wa Kipini, mwenye mtumbwi, anamchimbia kaburi kwa kasia. Huyo mtu wa Kipini, labda kwa kuwa alikuwa amemwona padre akiubusu msalaba wake, akamkusanya mikono juu yake, na juu ya kaburi akafunga vijiti viwili. Kisha angeweza kurudi. Lakini homa ilikuwa imempata na yeye. Alilala pale siku nne, wakimpa maji na maziwa. Alipojua hatapona, alimwita baba yake Hawo, akachora mchangani kwa kijiti: chimba chini hivi, halafu pembeni hivi, unilaze hivi, uso kule. Akamrudishia mchoro mara tatu, mpaka mzee yule akaweza kuuchora mwenyewe.

"Alibatizwa?" Padre akauliza. "Alimwagiwa maji kichwani?"

Bibi Hawo alimwonyesha. Aliinua mikono mpaka masikioni, akaikunja kifuani, akainama. "Yeye nafanya hivi," akasema. "Siku ya mwisho hawezi simama. Nafanya na kichwa tu."

Nilisikia donge la udongo likianguka mtoni.

Nawaambia ukweli, Padre Kornelio hakuamua papo hapo. Alikuwa mtu mwema, lakini askofu alikuwa njiani, na hadithi ya Yosefu ilikuwa imehubiriwa na mapadre wengi kabla yake. Tulipoifikisha mifupa ya wote wawili kwenye mwinuko alilitazama jiwe langu, akasema labda tuliweke kwanza, habari za marekebisho tuzipeleke taratibu.

Fundi Athmani alikuwa ananawa mikono. "Padre," akasema, "mimi nitakujengea kanisa lako mpaka msalaba wa juu, nao nitaunyoosha kwa timazi. Lakini jiwe hilo silipandishi. Huwezi kumzika mtu kwa uongo mara ya pili."

Padre aliondoka, akatembea ukingoni peke yake. Alirudi wakati wa alasiri, viatu vimejaa tope. Akaniambia, "Yosefu, lete nyundo." Nilimwomba nivunje mimi. Lilikuwa la kwangu. Lilichukua mapigo manane, maana nilikuwa nimelichanganya vizuri.

Kumweleza baba kulikuwa kugumu kuliko kulivunja. Nilimkuta anasuka mtego wa samaki. Nilimwambia yote, kwamba hakuna Yosefu, kwamba jina langu limetoka kwa mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Mikono yake ilisimama.

"Kwa hiyo huyo bwana," akasema, "alikaa na mtu asiye wa dini yake mpaka akafa, na hakuna aliyemwahidi mbingu kwa hilo."

"Ndiyo, baba."

"Basi jina libaki." Akaendelea kusuka.

Kesho yake akaja Haji Abdi, Msomali mwenye duka Garsen, aliyekuwa kama mkubwa wa Waislamu wa pale. Alikuja na wanaume wapatao ishirini, na nyuso zao hazikuwa za salamu. Huko sokoni ilikuwa imesemwa kwamba Wakristo wamefukua Mwislamu na wanataka kumfungia kanisani. Padre alitoka kuwapokea mikono mitupu.

"Padre, mmemgusa mtu wetu."

"Tumemgusa, Haji. Hatukujua. Mto ulikuwa unamchukua. Yuko pale chini ya turubai, Fundi Athmani amemfunika na anamlinda. Ni wako. Niambie unataka alale wapi."

Nafikiri Haji Abdi alikuwa amejiandaa kwa maneno mengine. Alikwenda kwenye turubai, akazungumza na Fundi Athmani kwa muda mrefu. Bibi Hawo alikuwapo pia, na ndiye aliyesema kwamba watu wawili hawa walikuja pamoja na wamelala pamoja tangu yeye akiwa mtoto, na kuwatenga si adabu. Haji alikuna ndevu. Mwishowe akakata shauri kwamba mtu wa Kipini azikwe palepale kwenye mwinuko, nje ya ukuta wa kikanisa, kwa sala ya Kiislamu, na kaburi lake lisitiwe msalaba wala jina la kutungwa. Padre akakubali kabla Haji hajamaliza.

Fundi Athmani alichimba mwanandani ile mwenyewe, nami nikamletea mbao za kuzibia. Askofu alipokuja alikuta kikanisa, kaburi la padre ndani na jiwe jipya lenye maneno machache, na kaburi la pili nje. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama juani. Sisi tulikuwa tumeogopa sana. Alisema tu kwamba ni vizuri kujua.

Kwa hiyo mahujaji wakiwauliza kaburi la Yosefu liko wapi, msiwaonyeshe lile la nje mkaendelea na njia. Waambieni hakukuwa na Yosefu. Alikuwako mtu bora kuliko hadithi. Wengine hawatapenda. Wapeni maji ya kunywa na muwaache.

Kazi ilipokwisha Fundi Athmani alirudi kwao. Miezi michache baadaye mashua ilileta mgeni kutoka Kipini, mzee wa kanzu, mwembamba, anatembea kwa fimbo. Aliitwa Mzee Shee. Fundi Athmani alikuwa amesimulia habari barazani, na huyu alikuwa ameinuka bila kumaliza kahawa yake.

"Nadhani ni babangu," akatuambia. "Jina lake Omari. Alikuwa na mtumbwi. Alimchukua mzungu mmoja kumpandisha mto, mimi nikiwa na meno mawili."

Tulimpeleka kaburini. Alisoma, akakaa chini, fimbo magotini. Padre na mimi tulisimama mbali, akatuita.

"Mwajua habari gani ilifika kwetu?" akasema. "Ilifika kwamba Omari amebatizwa, amekufa Mnaswara. Mama alisimangwa kisimani kwa hilo. Mimi nilipigana kwenye chuo cha Kurani kwa hilo, na mwalimu alinichapa mimi. Mama hakuolewa tena. Alikufa akiamini kwamba mumewe aliiacha dini yake, na pamoja nayo akamwacha yeye mkewe."

Padre Kornelio alivua kofia. "Mzee, ni sisi tuliosema hivyo. Hatukuwa na ushahidi. Tulipenda iwe hivyo. Naomba unisamehe."

"Wewe ulikuwapo?"

"Sikuwapo."

"Basi waomba kwa niaba ya maiti," akasema Mzee Shee. "Na mimi nasamehe kwa niaba ya maiti. Hayo yamekwisha. Aliyemwona akifa, yuko hai?"

Nilikwenda kumwita Bibi Hawo kivukoni. Alikuja na vibuyu vyake, akaketi mkabala naye, akamsimulia yote: kasia, vijiti, mchoro wa mchangani. Mzee Shee aliuliza kama baba yake aliteseka. Bibi Hawo akasema kidogo. Mzee akauliza kama alisema neno lolote.

"Sisi hatujui Kiswahili siku ile," akasema Bibi Hawo. "Yeye nasema, sisi hatusikii. Lakini siku mbili za mwisho naita jina moja tu. Asubuhi naita, jioni naita. Mwanaidi. Mwanaidi. Sisi nafikiri hiyo jina ya Mungu yake."

Mzee Shee aliiweka fimbo chini.

"Baba yangu nashika hiyo jina," akaendelea. "Mwaka moja mvua nakataa. Ng'ombe nakufa. Baba naita Waka, Waka hasikii. Yeye nasimama pale nje, naita Mwanaidi."

"Bibi," Mzee Shee akasema, "hilo si jina la Mungu. Ni jina la mama yangu."

Bibi Hawo aliutazama mto, akamtazama yule mzee.

"Mvua nakuja," akasema. "Si nyingi. Lakini nakuja."

Mzee Shee alicheka, na katikati ya kicheko akafunika uso kwa mikono yote miwili. Sisi tulingoja. Alipojifuta kwa ncha ya kanzu, alimwomba Bibi Hawo alitaje lile jina mara moja tena, si kwa sauti yake mwenyewe, bali kama alivyolisikia siku zile, kama Omari alivyoliita.

Akalitaja.